Sifa za Mchunguza Asili ya Maneno

Kuna ufundi usiopigiwa ngoma: ufundi wa kutafuta maneno yalikotoka. Mwenye kazi hii hutambua ndugu waliopoteana kwa karne nyingi, na hukanusha undugu wa wale wanaofanana sura tu.

Tazama maneno ya Kiingereza ya utengano. "Separate" ni kutenganisha. "Sever" nalo ni kutenganisha, ila lina makali: mkono ukikatwa ukadondoka, au nchi mbili zikivunja uhusiano wa kibalozi, ndilo litakalotumika. Msemaji wa kawaida huona maneno mawili. Mchunguzi huona moja lililoingia Uingereza mara mbili. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini, separare: se ni kando, parare ni kuandaa. Katika Kifaransa cha kale ile p ililainika ikawa v, na kitenzi kikafupika kuwa sevrer. Kwa njia hiyo, kupitia lugha ya Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza wakapata "sever". Baadaye wasomi walikirudia Kilatini chenyewe, wakachukua "separate".

Ufaransa mpaka leo sevrer ni kumwachisha mtoto ziwa. Sijui habari ya neno inayonigusa kuliko hii. Kitenzi ambacho kwa Waingereza kinakata kiungo, kwa Wafaransa kimebaki kifuani mwa mama.

Hapa ndipo sikio linapodanganya. "Severe", yaani kali, halina nasaba yoyote na "sever". Limetokana na severus ya Kilatini. "Several", yaani kadhaa, ndilo la ukoo ule, kwa kuwa zamani lilimaanisha kila kimoja peke yake. Mchunguzi hakubali mfanano mpaka sheria ya sauti imthibitishie. Je, p hugeuka v kwingineko? Ndiyo: capra, mbuzi wa Kilatini, kwa Kifaransa ni chèvre. Hapo tu ndipo anapoandika.

Na "cleave", linalomaanisha kupasua na pia kushikamana? Si neno moja lenye ukaidi. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, clēofan na clifian, na miaka ikavisogeza hadi vikatamkwa sawa.

Katika kamusi kuu ya Oxford, sehemu yenye "separate" na "sever" ilihaririwa na Henry Bradley. Hakusoma chuo kikuu. Kwa miaka kama ishirini alikuwa karani wa kampuni ya visu mjini Sheffield, akijifundisha lugha kwa bidii yake mwenyewe. Mwaka 1884 aliandika uhakiki wa sehemu ya kwanza iliyochapishwa ya kamusi hiyo, uhakiki uliomvutia mhariri mkuu, James Murray. Miaka minne baadaye akawa mhariri mwenzake. Maelfu ya vikaratasi vya mifano yalipita mikononi mwake, naye akaamua lipi ni la nani. Alifariki mwaka 1923, kamusi ikakamilika 1928.

Basi, msomaji, ukifungua kamusi kubwa ya lugha yoyote, usiishie kwenye maana. Soma na yale maandishi madogo ya asili yaliyofungwa kwa mabano. Kila mstari pale ni kazi ya mtu aliyekataa kubahatisha.