Chombo cha Kupokelea Vuli

Oktoba iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, aliyezaliwa na kukulia hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, alinitumia picha kutoka Minneapolis, Marekani, alikohamia na wazazi wake. Njia yote imetandwa majani makavu ya rangi ya machungwa. Mbele yanaonekana mapaja yake, sindano mbili ndefu, na sweta ya sufu iliyofika nusu. Chini ameandika: "Mwalimu, vuli imefika."

Niliusoma ujumbe huo nikiwa mlangoni na uzi mkononi, miguu imejaa tope, nikinusa udongo uliolowa baada ya miezi ya vumbi. Vuli ilikuwa imefika kwetu pia. Wasomali huiita deyr, mvua fupi za Oktoba hadi Disemba. Kwake majani yalikuwa yakidondoka. Kwangu yalikuwa yakichipua. Migunga iliyokuwa imesimama kama fito zilizochomekwa ardhini ilikuwa imevaa kijani chembamba, kile ambacho ukikitazama kwa mbali unadhani ni moshi. Sikuona haja ya kumsahihisha. Neno lilikuwa moja, na sote wawili tulikuwa tumeshika uzi.

Mvua ya hapa Garissa kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 400, na vuli ni fungu tu la hiyo. Hunyesha kwa nguvu saa moja, maji yakakimbilia kwenye laga, mito ya msimu, jua likarudi kana kwamba halikuondoka. Baada ya Disemba huja jilaal, kiangazi kikali, na mengi yaliyochipua hurudi kuwa kuni. Neema ya namna hii haimfai mtu asiye na chombo cha kuipokelea. Ndiyo maana nimeipenda kazi ya kufuma kuliko kazi nyingine zote za mikono nilizoziona hapa: hutengeneza vyombo vya kushika kinachopita haraka.

Aliyenifundisha ni bibi wa mwanafunzi wangu mwingine. Sote tunamwita Ayeeyo, yaani bibi kwa Kisomali, naye huniita macallimad, mwalimu wa kike. Siku ya kwanza hakunipa uzi. Alinipa dhiil yake niipakate.

Dhiil ni chombo cha maziwa. Nyingine huchongwa kwa mti, lakini ya Ayeeyo imefumwa kwa nyuzi za mizizi: duara juu ya duara, kila mzunguko umeshonewa ule wa chini kwa msharasi, na mishono imebanana hata ncha ya sindano haipati pa kupenya. Kimo chake ni kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Rangi yake imeiva kwa moshi, na ukisogeza pua unapata harufu ya kuni iliyochanganyika na samli. Kabla ya kutiwa maziwa, huingizwa kijinga kinachofuka, kikazungushwa ndani, moshi ukakisafisha chombo na kuacha ladha yake. Maziwa ya ngamia yakilala humo huwa susa, maziwa mala yenye ukali kidogo ambayo mtu wa Garissa huyakumbuka popote aendapo.

"Macallimad," aliniambia, "mti unashika maziwa. Ngozi inashika maziwa. Lakini uzi una matundu. Kazi yako ni kuyashinda matundu."

Mimi nimekulia Kilifi, na bibi yangu alikuwa msusi wa mikeka. Naujua ukili: miyaa ya mkindu husukwa ukanda mwembamba mrefu, kisha kanda zikashonwa pamoja mpaka zikawa mkeka. Lakini mkeka wa pwani kazi yake ni kulaliwa na kuswaliwa. Hakuna anayeujaribu kwa maji. Hapa nimekuta ufumaji uliofikishwa mahali ambapo maziwa hayavuji, na siri zake ni mbili: mkono unaobana bila kuchoka, na unyevu. Nyuzi zikilowa hufura, zikasukumana, matundu yakajifunga. Chombo hukamilishwa na kile kinachotiwa ndani yake.

Ufundi huo huo ndio unaojenga nyumba. Aqal, nyumba ya wafugaji wa Kisomali, ni kuba la fito zilizopindwa, likafunikwa mikeka mizito. Mingine ni laini upande mmoja, na upande wa pili inaning'iniza nyuzi kama manyoya ya mbuzi. Nyuzi hutoka kwenye gome la mgunga, linalobanduliwa na kulainishwa, hata kwa kutafunwa, mpaka liachie. Msichana anapoolewa, mama yake na wanawake wa jamaa yake ndio humwandalia aqal hiyo. Siku ya kuhama, fito na mikeka hupandishwa juu ya ngamia, nyumba ikatembea. Wasomali wana nyimbo kwa karibu kila kazi, kuanzia kunywesha ngamia hadi kusukasuka maziwa, na kusuka mikeka kuna nyimbo zake. Ayeeyo huimba kwa sauti ya chini, na wimbo ukipunguza mwendo, vidole navyo hupunguza.

Lakini Dagahaley si malisho. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya kambi ya Ifo, watu walipokimbia vita vya Somalia. Waliofika walipinda fito kama walivyozoea, ila juu yake wakatandika turubai na matambara badala ya mikeka. Wengine wamekaa chini ya kuba la namna hiyo zaidi ya miaka 30. Nyumba iliyobuniwa ili ihame imetulia mahali pamoja mpaka wajukuu wamezaliwa.

Ufumaji haukufa, ulibadilisha uzi. Magunia ya plastiki, yale meupe yanayoleta unga na nafaka, wanawake huyafumua na kuyapatia kazi mpya. Nilipolitafakari neno hilo, nilikipenda Kiswahili upya. Kufumua ni kutengua kilichofumwa, lakini tunasema pia kwamba mtama umefumua, maana yake umetoa masuke. Kutengua na kuchipua tumevipa neno moja, na wakulima waliolitamka kwanza bila shaka walikuwa wamelitazama shamba kwa makini. Nilimwona Ayeeyo akifumua gunia uzi kwa uzi, akizilaza nyeupe kando ya nyekundu na kijani za magunia mengine ya sokoni, mpaka kwenye kilichobeba unga ukatoka mkeka, kama suke linavyotoka kwenye ala yake.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kifuniko kidogo, upana wa kiganja. Nilikifumua mara nne. Ayeeyo hakunikemea. Alizinyoosha nyuzi juu ya goti lake, akanirudishia, akasema, "Sasa zimekuzoea."

Nyuma ya nyumba yake kuna gunia jingine ambalo halikufumuliwa, na hilo ni bustani. Udongo wa hapa ni maskini na maji hupimwa kwa mtungi, kwa hiyo watu wa kambi za Dadaab wamezoea kulima kwa kwenda juu. Unachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, unaukata juu na chini, unausimamisha katikati ya gunia na kuujaza kokoto. Unashindilia udongo wenye samadi pembeni, kisha unauvuta mkebe juu, unajaza tena, mpaka nguzo ya mawe imepanda kutoka kitako hadi mdomo wa gunia. Ubavuni unatoboa matundu na kupandikiza sukuma wiki na mchicha. Maji yaliyooshea vyombo humwagwa juu ya nguzo, yakateremka baina ya mawe na kuufikia kila mzizi.

Jina la Dagahaley, ambalo Wasomali huliandika Dhagaxley, maana yake ni mahali penye mawe. Kila nikiitazama nguzo ile nafurahi kwamba mawe ndiyo yanayopitisha maji. Na tazama pia matundu: kwenye dhiil ni adui, kwenye bustani ndiyo milango ya mboga. Fundi ni yule ajuaye pa kuziba na pa kuacha wazi. Jioni za vuli, baada ya masomo, nazunguka bustani hizi jinsi sisi wa pwani tunavyozunguka siku ya Idi, nyumba kwa nyumba. Kila mwenye bustani ana jani la kunionyesha, nami sirudi mikono mitupu.

Kufuma kumenifundisha kutazama, na kutazama kumenifikisha kwenye kamera ya simu. Zamani nilikuwa nikipiga picha kijani chochote. Sasa najua kwamba mathenge hukaa kijani hata katikati ya jilaal, hivyo hausemi lolote kuhusu majira. Mgunga ndio unaosema. Ardhi nayo husema: asubuhi baada ya mvua, wadudu wadogo wekundu, laini kama mahameli, hutoka mchangani na kutembea kana kwamba mtu amemwaga shanga zikapata miguu. Ili kuwapiga picha lazima ulale kifudifudi na kuzuia pumzi. Huko chini, kwa kimo cha mdudu, Dagahaley ni msitu.

Picha niipendayo kuliko zote ni ya ndege mfumaji, yule tunayemwita mnana kule pwani. Dume huchana ukanda wa jani bichi, huushika kwa ukucha, hupitisha ncha kwa mdomo, huvuta, hukaza. Hawezi kazi hiyo kiangazi, kwani nyasi kavu huvunjika, kwa hiyo husubiri mvua imletee uzi. Kiota kikiisha, jike huja kukikagua. Asipokipenda, dume hukifumua na kuanza upya. Nilimwonyesha Ayeeyo picha hiyo. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama mishono kwa muda mrefu, akasema jike yule ana haki.

Nayasema haya nikikumbuka kwamba Dagahaley imepigwa picha nyingi. Mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa ya Somalia, kambi za Dadaab zilizopangiwa watu 90,000 zilipita 400,000, na kamera za dunia zilikuja. Zilionyesha jambo la kweli, na picha hizo ziliita msaada. Lakini mahali panapojulikana kwa picha za njaa peke yake hapajajulikana bado. Wanafunzi wangu wanapoelekeza simu zao kwenye mdudu mwekundu au kiota, wanaongeza kilichokosekana. Huo nao ni ufumaji: kujaza pengo kwa uzi mmoja mwembamba.

Sidai kwamba vuli ni njema daima. Mwishoni mwa 2020, 2021 na 2022 mvua zake zilitupa mgongo mara tatu mfululizo, na mifugo ikafa kaskazini mashariki yote. Kisha 2023 zikaja na El Niño, zikazamisha sehemu za kambi hii, zikabomoa vyoo na kuzifukuza familia kwenye miinuko. Ufumaji hauwezi kuita mvua wala kuirudisha. Anachoweza mfumaji ni kuwa tayari: mkeka umekunjwa, chombo kimefukizwa, mikono inajua njia, ili siku neema ikija kwa kiasi chake isimkute akitafuta pa kuiweka.

Wiki iliyopita tulimaliza dhiil mpya, kazi ya Ayeeyo karibu yote, na mizunguko mitatu ya mwisho yangu. Mvua ilikuwa imenyesha adhuhuri. Alasiri, maji yote ya uani yalikuwa yameshanywewa na ardhi. Ayeeyo aliijaza dhiil maji hadi mdomoni, akaisimamisha juu ya jiwe jeupe, akaifunika kwa kifuniko changu cha nyuzi za gunia, kisha akaenda kuswali. Nilikaa naitazama. Nilimpigia picha yule msichana wa Minneapolis, nikamtumia apate kuona: jiwe, chombo, kifuniko. Kabla ya jibu lake kufika, adhana ya magharibi ikalia. Ayeeyo alirudi, akainyanyua dhiil kwa mikono miwili, akapitisha kiganja juu ya jiwe.

Lilikuwa kavu.