Kagwa na Mkataba wa 1900: nguvu ya Katikiro isiyotoka kwa Kabaka

Kwa desturi ya zamani ya Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, Katikiro, yaani waziri mkuu, aliwapita machifu wote, lakini neno moja la Kabaka, yaani mfalme, lilitosha kumvua cheo, na pengine uhai. Apolo Kagwa alilijua hilo mwilini mwake: mwaka 1886, akiwa kijana wa kasri, alipigwa vikali na Kabaka Mwanga wakati wenzake Wakristo walipokuwa wakiuawa. Alishika Ukatikiro mwaka 1889.

Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza, akaondolewa, na mwanawe mchanga Daudi Chwa akatawazwa. Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri wakashika madaraka kwa niaba ya mtoto. Hivyo Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza, alipokuja kujadili mkataba, kwa upande wa Buganda hapakuwa na mfalme mtu mzima wa kuulizwa.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Wengi hutazama kwanza maili za mraba 350 alizopewa Kabaka. Kwangu mimi kiini kiko katika maili 8,000 walizotengewa machifu na wamiliki wapatao 1,000, maana kazi ya kuzigawa ilikabidhiwa Lukiiko, baraza la Buganda, na mwenyekiti wa Lukiiko alikuwa Katikiro. Waliogawa ndio hao hao waliopokea. Tena ardhi hiyo, iliyoitwa mailo, ikawa mali ya mtu, ya kuuza na kurithisha. Zamani chifu aliyevuliwa cheo aliondoka na shamba likabaki. Sasa aliweza kupoteza cheo na bado akawa tajiri. Fimbo kubwa kuliko zote ikawa imemtoka Kabaka mkononi, bila mtu kumpinga waziwazi. Ni ufundi wa hali ya juu, na nausema hivyo nikijua nani aliulipia: wakuu wa koo, bataka, waliokuta viwanja vya makaburi ya babu zao vimeandikwa majina ya watu wengine. Malalamiko yao yalimwandama Kagwa hadi miaka ya 1920.

Lakini mkataba huo huo ulitaka Katikiro akubalike kwa mwakilishi wa Uingereza. Daudi Chwa alipofikia utu uzima mwaka 1914, Kagwa alikuwa na mabwana wawili: Kabaka na Mwingereza. Aliyemshinda ni wa pili: alijiuzulu mwaka 1926, baada ya kuvutana na afisa wa kikoloni kuhusu vibali vya pombe.