Sisi, Wao na Wengine: Kumsikiliza Mwongozaji wa Lamu

Waliotutungia silabasi ya fasihi simulizi walituacha na deni. Tulikariri ngano, visasili, mighani, maapizo, hata ngomezi, ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia zaidi ya kengele ya shule. Lakini kuna kipera kimoja kinachotambwa kila siku ya Mungu kwenye pwani yetu. Kina fanani, kina hadhira, kina mianzo yake na miishio yake, na fanani analipwa taslimu. Hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia, iwe sekondari au katika miaka miwili na nusu niliyokaa chuoni kabla sijaondoka. Ni matembezi ya kuongozwa. Mtu mmoja anatangulia, mwingine anafuata, na mji mzima unageuka hadithi.

Nataka kuyahakiki matembezi hayo kama vile ningehakiki mchezo wa kuigiza. Niliyafanya Lamu, peke yangu na mwongozaji mmoja, muda wa saa mbili, kwa shilingi 2,000. Hilo la kuwa peke yangu lina uzito. Kwenye kikundi cha watu 12 unaweza kujificha nyuma na kuchat. Ukiwa wewe ndiye hadhira nzima, fanani anakusoma usoni kila dakika, na ukipiga mwayo kisa kinakatwa hapo hapo.

Mwongozaji wangu alikuwa mtu wa makamo, kanzu fupi, kofia ya vito, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na punda. Nilimwita ami, akaniita mwanangu. Alianza kwa Kiingereza. Nikamwambia ami, mimi ni wa Nairobi, twende na Kiswahili. Akasita kidogo, na katika kusita kule nikaelewa kwamba kisa chake kimehifadhiwa kwa Kiingereza na sasa ilibidi akitafsiri huku tunatembea.

Ndiyo maana nusu saa ya kwanza ilikuwa mbovu, na nitasema hivyo bila kuzunguka. Mianzo yake ilikuwa ile ya vibao: Lamu ni mji mkongwe zaidi wa Waswahili Afrika Mashariki na uliohifadhiwa vizuri kuliko yote. Hayo ni maneno ya UNESCO karibu neno kwa neno, tangu mji huu uingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kisha ukaja mzaha wa punda: hapa gari letu ni punda, ila hana gia ya nyuma. Nilicheka, maana ndiyo kazi ya hadhira. Lakini punda aliyetupita wakati huo alikuwa na mifuko ya saruji mgongoni na kidonda begani, na mzaha haukuwa na nafasi yake.

Kisa kilipata uhai tulipoingia kwenye nyumba. Ilikuwa nyumba ya mawe ya zamani, mwenyewe hayupo, mlinzi anatufahamu. Na hapa lazima nimpe ami haki yake, kwa sababu sijasikia mtu akisoma jengo namna ile. Alinisimamisha kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, akaniambia wageni wengi walikomea hapo maisha yao yote. Mbele ya daka kuna kiwanda, uwanja wa ndani usio na paa. Kutoka kiwandani unapanda hatua moja kuingia msana wa tini, hatua nyingine msana wa yuu, kisha ndani, ambako ukuta umejaa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa mstari juu ya mstari. Kila ukiingia zaidi, sakafu inapanda na mwanga unapungua. Kila hatua inakuuliza wewe ni nani kwa watu wa nyumba hii.

Nikauliza mbona vyumba ni virefu hivi na vyembamba hivi. Akanyosha kidole juu kwenye boriti. Dari linabebwa na miti ya mikoko, akasema, na mkoko una urefu wake. Upana wa chumba ni urefu wa mti. Nilisimama pale nikifikiria ubeti. Mshairi wa zamani naye alikuwa na mizani yake, na ndani ya mizani hiyo akapanga mambo mazito kuelekea kina cha mwisho. Sijui kama ami aliwahi kuufikiria mfano huo. Hakuhitaji. Alikuwa ameacha kutafsiri; maneno daka, kiwanda na msana hayakuwahi kuwa Kiingereza, kwa hiyo hayakuwa na pa kurudishwa.

Sasa sikiliza viwakilishi, maana ndipo hakiki yangu ilipo.

Tulipofika mbele ya Ngome alinisimulia vita vya Shela, vya mwanzoni mwa karne ya 19. Watu wa Pate, pamoja na Wamazrui wa Mombasa, walivuka bahari kuja kuitwaa Lamu. Wakapigwa mchangani, wakakimbilia majahazi yao, wakayakuta yamekaa kavu kwa sababu maji yametoka. Ami alisimulia hili kwa mikono yote miwili, akaigiza mtu anayesukuma jahazi lililokwama, watoto wawili wakasimama kutazama. Na katika kisa kizima alisema sisi. Tuliwangoja. Tukawapiga. Tukaogopa watarudi, tukaomba ulinzi kwa Sultani wa Omani, naye akaleta askari wake na Ngome ikakamilika. Yaani ana umri wa makamo lakini alikuwepo pale mchangani, karne mbili zilizopita, na mimi nikamwamini kabisa. Hiyo ndiyo sanaa.

Linganisha na nyumba. Nani alijenga nyumba zile? Matumbawe yalichongwa. Chokaa ilichomwa. Boriti zilikatwa, zikaletwa. Mashamba ya ng'ambo, kule bara, yalilimwa. Kiswahili kimetupa kiambishi kidogo sana cha kumficha mtendaji, na ami alikitumia kwa ustadi wa wakili. Mji unaosema "tulishinda" haukuwa na mtu wa kusema "tulibeba". Nyumba iligawanywa hivi: ghorofani familia, chini stoo.

Neno stoo ndilo lililoleta mkatizo. Tulikuwa tumetoka nyumba ile tumesimama chini ya wikio, lile daraja la chumba linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, naye ananirudia mpangilio wa ghorofa ili niupate vizuri. Mlangoni pa pili alikuwa ameketi bibi mmoja, mkeka miguuni, akichambua mchele. Hakuinua uso. "Stoo," akasema. "Waulize waliolala humo."

Ami akamwamkia, akamuulizia hali na wajukuu, akajibiwa kila swali vizuri sana, na tukaondoka mwendo wa haraka kuliko tuliokuja nao. Baada ya kona mbili akaniambia, bila mimi kuuliza, "Mwanangu, mambo ya watu yana sitara."

Msomaji wa Nairobi ana jibu tayari hapa. Najua, kwa sababu nilikuwa nalo mimi pia: wanaficha utumwa ili watalii wasikose hamu ya kula pweza. Kwa hoteli fulani za mwambao huenda ikawa hivyo, na kule pesa inatosha kueleza kila kitu. Lakini kwa ami halitoshi. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Fanya hesabu. Mtu wa miaka 80 leo anaweza kuwa alilelewa na bibi aliyezaliwa ndani ya jambo lenyewe. Mji ni mdogo. Anayetajwa kuwa mjukuu wa waliolala chini anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa mjukuu wa waliolala juu, wanasali msikiti mmoja, watoto wao wanaposana au wanakatazwa kuposana. Mimi nitapanda boti kwenda Mokowe kesho asubuhi. Ami atapita kichochoro kile kile kesho jioni.

Nimepita pia kwenye kisa cha namna nyingine, Zanzibar, kule Mkunazini, ambako kanisa la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Pale hakuna anayeficha kitu. Unaingizwa kwenye chumba cha chini chenye dari fupi, unatajiwa idadi ya watu, unaachwa kidogo gizani uhisi. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu watano shimoni na minyororo shingoni. Sanamu zina nguvu na sitazitoa makosa. Ila msimulizi wangu wa siku ile alilitamka neno mtumwa mara nyingi kiasi kwamba likawa kama jina la kabila lililokufa zamani. Pale maumivu yanasemwa yote na hayamhusu mtu yeyote anayepita barabarani. Lamu hayasemwi, na yanamhusu kila mtu. Nikilazimishwa kuchagua nitachagua Lamu, kwa shingo upande, na kwa sharti kwamba fanani ajue anachokificha.

Kwa sababu kufumba si mageni kwenye visiwa vile. Karibu na hapo, Pate, ndipo linapotoka shairi ambalo kwangu mimi ni mama wa matembezi yote ya kuongozwa kwa Kiswahili: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, la mwanzoni mwa karne ile ile ya vita vya Shela. Mshairi anauchukua moyo wake kama mtalii na kuutembeza kwenye majumba ya Pate yaliyobomoka. Anauonyesha zidaka, ambazo sasa ndege wamezifanya viota. Anauonyesha kumbi walizokaa mabwana, sasa ni popo na buibui. Tofauti kubwa na ami iko kwenye alama moja tu ya uandishi. Mshairi anauliza: wako wapi? Ami anajibu kabla hujauliza. Nyumba anazotembeza zimekarabatiwa, nyingine na wenyeji, nyingine na wanunuzi kutoka Ulaya wanaokuja wiki chache kwa mwaka, na zidaka zimerudishiwa vyombo vyake. Palipojaa vyombo hamna nafasi ya swali.

Hata hivyo kuna neno moja alilolifumba vizuri, na ndilo lililofanya zile 2,000 zangu zistahili. Mji umegawanyika kwa desturi pande mbili: Mkomani, kaskazini, kwenye majumba ya mawe ya mabwana, na Langoni, kusini, kwa wageni na wanyonge na makuti. Msikiti wa Riyadha uko Langoni. Aliyeuanzisha, Habib Swaleh, alikuja kutoka Ngazija, akafundisha watu ambao mabwana wa Mkomani hawakutaka wafundishwe, wakiwemo watumwa na watoto wao. Abdul Hamid el-Zein ameliandika jambo hili kwa kirefu katika The Sacred Meadows (1974), kitabu ambacho nadhani kinafaa kuwa kwenye begi la kila mwandishi anayepanda ndege kwenda Lamu kuandika kuhusu milango iliyochongwa.

Ami hakutaja watumwa. Alisimama mbele ya Riyadha, akavua miwani, akasema: "Hapa ndipo na wengine walipopata kusoma."

Na wengine. Nusu saa tu ilikuwa imepita tangu yule bibi wa mchele, na alijua kwamba ninalo sikioni. Hakufafanua, na sikumwomba. Ile "na" ndogo ilikuwa imetoboa ukuta wa "zilijengwa" na "zililetwa", na kwa mara ya kwanza kulikuwa na watu upande wa pili.

Kwa hiyo simlaumu kwa sitara. Ninachomlaumu ni kingine, na kilikuja mwishoni, tuliporudi ufukweni. Nikamuuliza kuhusu bandari mpya. Akanyosha kidole kaskazini, ambako kutoka pale huoni kitu, akasema, "Ile ni yao, ya serikali." Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Na Juni 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe huko huko ilifutwa na mahakama maalum ya mazingira, baada ya watu wa Lamu kushikilia miaka kadhaa kwamba hawautaki.

Sasa hapo hakuna sitara ya mtu. Hakuna bibi wa jirani wa kuaibishwa. Kuna jitu kubwa lililokuja na mipango yake, na kuna mji mdogo uliosimama, na mipango ikakwama kwenye mchanga. Ni vita vya Shela vingine kabisa, vimetokea juzi, washindi wake wengine wanakunywa kahawa pale pale ufukweni tulipokuwa tumesimama, na fanani mwenye uwezo wa kunifanya nione majahazi yaliyokauka karne mbili zilizopita alivipita kwa "ile" na "yao".

Nilimwambia hivyo, kwa adabu niliyoweza. Akacheka. "Mwanangu, hiyo haiko kwenye programu," akasema. Kisha akaniuliza ule mtambo wa makaa niliusoma wapi, na je, kwenye simu inaandikwa kwamba nasi tulikwenda mahakamani?

Ukienda, mwombe mwongozaji wako Kiswahili tangu hatua ya kwanza. Toka asubuhi mapema, kabla ya jua na kabla ya vikundi, wakati watu bado wamekaa milangoni mwao na wana nafasi ya kumkatiza.