Kampeni Bila Hesabu ya Kura: Uhakiki wa Chaguzi za Kuigiza katika Ufundishaji wa Demokrasia Vyuoni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mbinu ya kuwafundisha wanafunzi wa vyuo vikuu demokrasia kwa njia ya kampeni na midahalo ya kuigiza. Hoja inayojengwa ni kwamba mbinu hiyo, kama inavyotumika kwa kawaida, hulipa jukwaa uzito mkubwa kupita kiasi na kuziacha kando hatua ambazo chaguzi za Afrika Mashariki zimekwamia, yaani kuhesabu, kujumlisha na kupokea matokeo. Mifano imetolewa Kenya na Uganda, na mbinu yenyewe imelinganishwa na ngonjera na majibizano ya kishairi.

Mbinu na sifa zake

Uchaguzi wa kuigiza una sura inayojulikana. Darasa hugawanywa katika vyama vya kubuni. Kila chama huandika ilani, humteua mgombea na kubandika mabango. Wanafunzi wengine hupewa uhusika wa waandishi wa habari na wachambuzi. Mdahalo hufanyika mbele ya darasa zima, kisha kura hupigwa na mshindi hupigiwa makofi. Mhadhiri hutoa alama kwa ufasaha wa hotuba, uzito wa hoja na ushirikiano wa kikundi.

Msingi wa kinadharia wa zoezi hilo ni wa heshima. Katika Democracy and Education (1916), John Dewey alishikilia kuwa demokrasia ni namna ya watu kuishi pamoja na kushirikishana uzoefu, wala haiishii katika mfumo wa serikali. Tangu miaka ya 1990, Mark Carnes wa Chuo cha Barnard, New York, ameeneza michezo ya kihistoria ambamo mwanafunzi hupewa uhusika na malengo yake, kisha huachiwa abishane na wenzake. Mmojawapo huwarudisha wanafunzi katika baraza la Athens la mwaka 403 K.K. Yeyote aliyewahi kusimamia zoezi la aina hii anajua kuwa mwanafunzi aliyenyamaza muhula mzima huweza kusimama na kusema. Faida hiyo ni ya kweli na haibishaniwi hapa. Kinachohojiwa ni kile ambacho mwanafunzi huyo huondoka akiamini kuwa ndicho uchaguzi.

Mimbari isiyo na mtu

Mdahalo wa darasani una sharti ambalo halisemwi: wagombea wote watafika. Asiyefika hukosa alama. Katika siasa halisi za ukanda huu, kutofika ni mbinu, tena mara nyingine ni mbinu isiyo na gharama. Mnamo Julai 2017, mdahalo wa urais wa Kenya ulifanyika katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki jijini Nairobi. Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa madarakani, hakutokea. Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Miaka mitano baadaye, tarehe 26 Julai 2022, Odinga ndiye aliyesusia na William Ruto akasimama peke yake kwenye jukwaa. Kenyatta alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa Agosti 2017 baada ya kususia, na Ruto alishinda mwaka 2022 baada ya kuhudhuria. Kwa hiyo haiwezekani kudai kuwa ukumbi ule uliamua lolote. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni hakuhudhuria mdahalo wa kwanza wa Januari 2016, akahudhuria wa pili mwezi uliofuata, siku chache kabla ya kura.

Mwanafunzi ambaye hajawahi kufundishwa kuisoma mimbari tupu hataielewa anapoiona katika televisheni. Nani ana haki ya kumlazimisha mgombea ajibu? Je, aliyefika apewe muda wote, au mdahalo uahirishwe? Maswali hayo ni ya kidemokrasia kuliko swali la nani alizungumza vizuri, na zoezi la darasani linaweza kuyaibua kwa gharama ndogo: mgombea mmoja aruhusiwe kwa siri kususia bila kupoteza alama, na waandalizi waachiwe watafute la kufanya.

Baada ya makofi

Pengo kubwa zaidi limo katika saa zinazofuata kura. Darasani kura thelathini huhesabiwa kwa dakika tano, na hakuna anayeuliza nani amezihesabu. Historia ya karibuni ya Kenya inaonyesha kuwa hapo ndipo uchaguzi unapoanza upya. Baada ya kura ya tarehe 27 Desemba 2007, ambayo matokeo yake yalipingwa vikali, watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha matokeo ya urais, na kasoro za usafirishaji wa matokeo zikawa sehemu kubwa ya sababu zake. Miezi miwili hivi kabla, katika kesi iliyohusishwa na jina la Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeamua kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa na tume huko Nairobi. Mwaka 2022 picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi mtandaoni, hata raia wa kawaida akaweza kujijumlishia. Na bado makamishna wanne kati ya saba wa tume waliyakana matokeo siku yalipotangazwa. Mahakama iliyathibitisha tarehe 5 Septemba.

Katika mlolongo huo wote, hotuba nzuri haikuwa na kazi kubwa. Kilichobishaniwa ni sahihi ya wakala, tarakimu iliyofutwa na kuandikwa upya, muda ambao fomu ilifika, na tofauti baina ya karatasi ya kituoni na hesabu ya makao makuu. Ujuzi wa aina hii unafundishika. Mhadhiri anaweza kuandaa fomu ishirini za vituo vya kubuni, chache zikiwa na makosa ya kujumlisha, moja ikiwa na kura nyingi kuliko wapigakura walioandikishwa, nyingine ikikosa sahihi, kisha akawataka wanafunzi waamue lipi ni kosa la uchovu wa usiku na lipi ni hila, na kama jumla ya dosari inatosha kubatilisha ushindi. Zoezi hilo halina makofi. Huenda ndiyo sababu halipendwi.

Upigaji kura wa kweli chuoni

Kinachoshangaza ni kwamba zoezi la darasani huendeshwa kana kwamba chuo chenyewe hakina chaguzi. Nchini Kenya, marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa kura ya moja kwa moja ya kuwachagua viongozi wa wanafunzi. Chini ya utaratibu huo wanafunzi huchagua wajumbe, na wajumbe ndio huchagua viongozi. Mwanafunzi anaweza basi kumpigia kura rais wa kubuni asubuhi darasani, na jioni asiwe na kura ya kumchagua rais wa chama chake halisi. Kama mabadiliko hayo yalikuwa na manufaa au la, ni mjadala mzuri kuliko mingi inayobuniwa, kwa kuwa matokeo yake yanawagusa wanaojadili.

Chuo Kikuu cha Makerere kinatoa mfano mzito zaidi. Mwezi Julai 2022, wakati wa kampeni za serikali ya wanafunzi, mwanafunzi wa sheria kutoka chuo kingine aliuawa, na uongozi wa chuo ukausimamisha uchaguzi huo. Kampeni za wanafunzi pale zimekuwa kwa muda mrefu uwanja ambamo vyama vya kitaifa hupimana nguvu. Kuigiza kampeni safi katika jengo lililo hatua chache kutoka hapo, bila kugusa fedha, rangi za vyama wala vurugu, ni kuwafundisha wanafunzi wasiyaone yaliyo mbele yao. Inaeleweka kwamba mhadhiri ana hofu: kuyaleta mambo hayo darasani kunaweza kumgharimu. Hofu hiyo ni data, na washauri wa sera wanaopima mafanikio ya miradi ya elimu ya uraia kwa idadi ya midahalo iliyofanyika hawana safu ya kuiandika.

Ngonjera au majibizano?

Fasihi ya Kiswahili ina kipimo cha kuifafanua tofauti hii. Katika Ngonjera za UKUTA (1970 na 1971), Mathias Mnyampala aliwapambanisha wahusika kwa beti, na kwa kawaida asiyejua huelimishwa na mwenzake hadi wote wakakubaliana. Utanzu huo ulifaa kueneza siasa ya Azimio la Arusha, kwa sababu ubishi ndani yake una mwisho unaojulikana. Majibizano ya Mombasa ya karne ya 19, ambayo Muyaka bin Haji ndiye jina lake kubwa, yalikuwa na tabia nyingine: yaliingia katika ugomvi halisi wa Mombasa na Lamu na wa Wamazrui na Oman, na aliyejibiwa hakulazimika kusadiki. Uchaguzi mwingi wa kuigiza ni ngonjera iliyovaa joho la majibizano. Wanafunzi hupingana kwa saa mbili, kisha mhadhiri huhitimisha kwa kusifu amani na umoja, na hapo kila mtu hujua kuwa upinzani ulikuwa pambo.

Suala la lugha linafungamana na hilo. Mikutano ya hadhara ya kampeni nchini Kenya huendeshwa kwa Kiswahili na lugha za jamii, ilhali midahalo ya urais katika televisheni imeendeshwa hasa kwa Kiingereza, na darasa la chuo huiga televisheni. Uganda, ambayo baraza lake la mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 utekelezaji wa Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya, ina nafasi ya kujaribu njia nyingine, ingawa kwa sasa wanafunzi wake wengi wangeshindana kwa Kiswahili wakiwa na msamiati mdogo. Hata upungufu huo una la kufundisha: mgombea asiye na maneno ya mapambo hulazimika kusema anachokusudia.

Limebaki suala la alama, nalo ndilo gumu kwa idara. Anayeshinda uchaguzi wa kuigiza huonekana kiasili kuwa amefanya vizuri. Ikiwa zoezi litapanuliwa hadi kwenye pingamizi na hukumu, sehemu kubwa ya alama haina budi kwenda kwa kikundi kilichoshindwa: kwa jinsi kilivyokusanya ushahidi, kilivyoamua kupeleka shauri au kuliacha, na maneno kiliyowaambia wafuasi wake usiku wa matokeo. Hotuba hiyo ya usiku haimo katika mwongozo wa kawaida wa zoezi hili, wala haina muda uliotengewa katika ratiba ya muhula.