Hewa Chini ya Gari

Gatsata husikika kabla ya kuonekana. Ukiiacha stendi ya Nyabugogo, Kigali, nyuma yako na kushika barabara ya Gatuna, nyundo ndizo zinazokupokea, halafu harufu ya rangi na dizeli, halafu milango ya magari iliyoegemezwa ukutani kama sahani kabatini. Nilipeleka huko Land Cruiser ya rafiki yangu, HZJ75 ya enzi ambayo ekseli ya mbele bado ilining'inia kwenye springi za bapa, nikabaki siku mbili sina kazi ila kutazama mikono ya fundi mmoja.

Ugonjwa wa gari ulijulikana. Mwenyewe alikuwa amelinyanyua inchi mbili na kulivisha matairi makubwa ili lisikwaruze tumbo kwenye njia za hifadhi ya Akagera. Tangu siku hiyo likaanza kutangatanga. Kwenye lami ya kwenda Kayonza ilibidi ulirudishe kila mara, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Dawa alishainunua: tairodi mpya nene kama mpini wa jembe, na dampa ya usukani inayong'aa rangi ya manjano. Alitaka vifungwe tu.

Vyote viwili vilitoka Dubai, na hilo halikuwa pambo. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, urithi wa Wabelgiji, na usukani uko kushoto. Uganda, Tanzania na Kenya ni kinyume. Kwa hiyo boksi la usukani lililotolewa kwenye gari la Kampala, hata liwe zima kabisa, linamfaa fundi wa Kigali kama kiatu cha kulia kinavyomfaa mguu wa kushoto. Vile viungo vidogo vya duara havijali upande. Fundi wa Dar es Salaam huviita tairodi endi, wa hapa huviita rotili kwa mdomo wa Kifaransa, na vinaingia kote. Lakini boksi, mkono wake, na fimbo inayokatisha mbele hadi gurudumu la upande wa pili vina kushoto na kulia kwake.

Fundi aliipima tairodi mpya kwa kiganja, akaisifu, akaisukuma chini ya meza. Dampa ikaifuata. Alisema anataka kwanza kujua hewa iko wapi.

Hewa kwa lugha yake ni ule ulegevu kati ya chuma na chuma, nafasi ambayo pengine haifiki unene wa ukucha. Kila kiungo kina yake kidogo, na zote zikijumlishwa ndizo zinazofika mkononi mwa dereva kama wasiwasi. Anaitafuta bila kutumia macho. Kijana wake alikaa kitini akitikisa usukani upana wa vidole vitatu, huku na huku, bila kuchoka. Yeye akalala chini na kuweka kidole juu ya kila kiungo, nusu ya kidole upande huu, nusu upande ule. Penye uzima, nusu zote mbili husogea pamoja. Penye hewa, moja hutangulia. Tope na grisi kuukuu vinaweza kulidanganya jicho, lakini ncha ya kidole kilichofanya kazi hii miaka mingi sioni kitu cha kuidanganya.

Kisha akapandisha gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalisukuma. Lilicheza. Akamwambia kijana akanyage breki, akasukuma tena. Kama uchezaji ungekoma, kosa lingekuwa beringi ya gurudumu. Haukukoma, maana yake ni beringi za kingpini, zile ndogo mbili ndani ya kifundo ambazo gurudumu zima huzizunguka likikata kona. Sikuwahi kuona uchunguzi wa bei rahisi namna hiyo: mguu mmoja kwenye breki, na jibu limepatikana.

Siku ya pili ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hadi saa tano asubuhi watu walikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, na Gatsata ilikaa kimya isivyo kawaida yake. Kazi ilipoanza, alianza na kifundo. Beringi mpya zikaingia, na chini ya vifuniko vyake vijibati vyembamba kama karatasi ambavyo ndivyo vinavyoamua zibanwe kiasi gani. Zikilegea, gari linatetemeka. Zikibanwa mno, gurudumu likikata kona linagoma kurudi. Alichukua mizani ya ndoano, ya aina ile wanayopimia samaki wadogo wa sambaza, akaitia kwenye ncha ya mkono wa kifundo na kuvuta taratibu mpaka kifundo kikaanza kujongea. Akasoma. Akafungua, akatoa kijibati kimoja, akafunga, akavuta tena. Mara tatu upande mmoja, mara nne upande wa pili. Kijana alianza kutazama saa. Mimi pia, nikiri.

Kutoa rotili kuukuu kulinipendeza kuliko yote. Pini yake ina umbo la koni na hukaa kwenye tundu la koni. Miaka ikipita huwa kama zimeota pamoja. Wengi huipiga pini yenyewe kutoka chini na kuiharibu kichwa. Yeye alilegeza nati bila kuitoa, akashika nyundo mbili, moja akaiegemeza upande mmoja wa jicho la chuma, ya pili akapiga nayo upande wa pili. Hakuigusa pini. Jicho lilibonyea kwa mpigo mmoja, kiasi kisichopimika, na pini ikaachia kwa mlio mfupi kama kizibo cha chupa.

Hapo swali la tairodi nene likarudi. Aliuliza gari linakwenda wapi, akaambiwa Akagera, visiki na mawe. Akasema basi ya zamani ibaki, ivalishwe rotili mpya zenye nipo za grisi. Hoja yake ni kwamba kishindo cha kisiki hakipotei. Kikikuta fimbo isiyokubali kupinda, kinaendelea mbele hadi kwenye shafti ya boksi. Tairodi iliyopinda mtu huinyoosha porini kwa jeki na gogo, lakini boksi likipasuka umelala huko. Ile nene akaifunga kwa waya nyuma ya viti, iwe akiba. Mwenye gari alinuna. Mimi mwenyewe sijakubali moja kwa moja, maana nimeona magari yenye fimbo nene yakizeeka salama. Lakini sijawahi kumwona mtu akikataa kufunga kipuri kilichokwisha kulipiwa.

Kilichoponya kutangatanga hakikuwa kipuri cha Dubai hata kidogo. Kunyanyua gari kulikuwa kumeizungusha ekseli, na mlalo ule unaofanya gurudumu litake kurudi lenyewe katikati ukapungua. Ni mlalo uleule wa uma wa baiskeli unaomruhusu mtu aachie mikono. Alichonga kabari mbili za chuma, akazipachika kati ya springi na ekseli, mlalo ukarudi. Dampa akaifunga mwisho kabisa. Ikifungwa mwanzo, alisema, inaziba mdomo wa mgonjwa.

Tukatoka kujaribu. Akachagua kilima cha Kimihurura, kwenye mawe yaleyale yaliyowatesa waendesha baiskeli wa mashindano ya dunia Septemba 2025. Gari lilipanda limenyooka, usukani umetulia juu ya mawe, ila mkono wake mmoja ulikaa chini kidogo kuliko mwenzake. Kijana akasema si kitu: aung'oe usukani, aurudishe umenyooka, dakika kumi. Fundi akakataa. Boksi lina mahali pake pa katikati ambapo meno hubanana zaidi, na usukani ulinyooshwa kulingana na mahali hapo kiwandani. Ukiuhamisha, jicho litaridhika lakini gari litakuwa linakwenda mbele huku boksi likiwa pembeni, penye hewa.

Akaegesha pembeni, akatandika gunia, akaingia chini na spana mbili. Ile fimbo inayokatisha kutoka kwenye boksi ina nyuzi za kulia ncha moja na za kushoto ncha ya pili, hivyo kuizungusha tu kunairefusha au kuifupisha bila kung'oa chochote. Tukasikia sauti yake kutoka chini ikimwambia kijana aushike usukani sawasawa. Akazungusha robo. Akauliza. Akazungusha robo nyingine, akarudisha nusu ya hiyo robo.