Mila za Wahenga Katika Riwaya ya Kitereza

Aghalabu mwandishi anayetaka kuwarejesha vijana katika mila za wazee wao huzisifu mila hizo pasipo kuzionyesha zikitumika. Aniceti Kitereza ameepukana na kasoro hiyo katika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Kitereza, mwenyeji wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, aliimaliza riwaya hiyo kwa Kikerewe mwaka 1945, kusudi vijana wapate kujua wahenga wao waliishije. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia.

Kisa chenyewe ni chepesi. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke, hata wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere hakubali kumwacha. Anakwenda kwa wakwe kumwomba, naye anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Hapo ndipo ustadi wa Kitereza unapodhihirika. Msomaji anafundishwa namna pombe inavyotengenezwa na namna mkwe anavyoamkiwa, lakini hachoki upesi, maana anajua kwamba pombe ikiharibika, ndoa nayo imo hatarini. Mila hapa si pambo. Ndiyo njia ya pekee ya mume kumpata mkewe.

Hata hivyo, kitabu hakikosi dosari. Maelezo ya kilimo, uvuvi na dawa mara nyingine hurefushwa mno, hata kisa kikasimama. Tena yafaa msomaji kijana aangalie jambo jingine: mila zile zile zinazowapa wakwe heshima ndizo zinazowapa jamaa za mume ujasiri wa kumtukana mwanamke kwa utasa. Kitereza halifichi jambo hilo. Mume wake mwema hazikatai mila, ila anachagua zile zinazojenga, akiyapuuza masimango ya jamaa zake.

Uchaguzi wa namna hiyo unamhusu sana kijana wa Usa River, chini ya Mlima Meru. Huko nako migomba imezunguka nyumba, na pombe ya ndizi ina mahali pake katika shughuli za ukoo. Wameru wana riwaya yao, Blood on Our Land ya Ismael Mbise, iliyotoka mwaka 1974, ambayo chimbuko lake ni dhuluma ya kuondolewa kwao Engare Nanyuki mwaka 1951. Ni kitabu chenye uchungu wa haki, lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na shabaha yake kubwa ni ardhi iliyopotea. Kitereza anasimulia maisha ya kabla ya ukoloni, naye anayasimulia kwa lugha ambayo bibi na mjukuu wanaweza kuisikiliza pamoja.

Kwa hiyo walimu wa fasihi wa huko wangefanya vema kuvisomesha vitabu hivi viwili pamoja. Cha Mbise kitamwonyesha mwanafunzi kile ambacho wazee wake walinyang'anywa. Cha Kitereza kitampa mfano wa kuwauliza wazee hao, wangali hai, ni mila zipi zilizowasaidia kuishi na ni zipi zilizowaumiza, kisha ayaandike majibu yao.