Mkono wa Muuguzi na Paja la Mtoto

Asubuhi ya Juni, Kiwira ina baridi ya kweli. Sokoni malori yanapakia ndizi, na kliniki akina mama wanafika na watoto mgongoni: sweta juu ya sweta, kofia, soksi, na shuka juu ya vyote. Muuguzi wa chanjo hana haraka. Anasalimia "ugonile", anafungua kadi, anahesabu wiki: 6, 10 au 14. Kisha anaomba mguu uwe wazi kuanzia kinena hadi goti.

Hapo ndipo ninapopenda kutazama. Anasugua viganja vyake kwanza vipate joto, asimshtue mtoto msuli ukakaza, maana msuli uliokaza huuma zaidi ukichomwa. "Mama, mpakate hivi, shika goti." Kidole chake kinapita upande wa nje wa paja, katikati ya nyonga na goti, kikitafuta vastasi lateralisi, mmoja wa misuli minne inayonyoosha goti. Akiupata anaubana taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Sindano inaingia wima, nyuzi 90, nusu mililita inasukumwa, sindano imetoka. Mtoto anaanza kulia kazi ikiwa imekwisha.

Kuchagua mahali ndiko kuliko na elimu kubwa. Begani kuna deltoidi, msuli unaouinua mkono, na watu wakubwa huchomwa hapo; kwa mtoto wa wiki 6 bado ni mwembamba mno. Tako lina nyama na linashawishi, lakini ndani yake inapita neva ya siyatiki, nene kuliko neva zote za mwili. Sindano ikiijeruhi, mtoto anaweza kubaki akiburuza mguu. Upande wa nje wa paja hauna neva wala mshipa wa damu wa ukubwa huo. Majina marefu ya Kilatini ambayo mwanafunzi wa uuguzi huyakariri usiku kama adhabu ndiyo ramani inayomlinda mtoto huyu.

Na mkono huohuo unajua kubadilika. Chanjo ya kifua kikuu haitaki msuli hata kidogo. Inawekwa ndani ya ngozi ya bega la kulia, sindano ikilazwa karibu sambamba na ngozi, mpaka kiinuke kiuvimbe kidogo cheupe. Akizama zaidi ya hapo amekosea. Tofauti ya milimita chache, kwenye ngozi ya mtoto aliyezaliwa juzi, naye anaipata kwa hisia ya vidole.

Bomba la sindano likishatumika linajifunga lenyewe, halivuti tena. Muuguzi halirudishii kifuniko. Linakwenda moja kwa moja kwenye boksi la usalama. Pamba kavu inagandamizwa pale palipochomwa, haisuguliwi. Mama anashukuru, "ndaga fijo", na kuanza kumvisha mtoto sweta moja baada ya nyingine.

Kazi hii haimalizi dakika, na kwa sababu hiyo watu wengi huiona ndogo. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi za mikono zilizo bora kabisa tulizonazo. Wewe unayempeleka mtoto kliniki, mvalishe nguo inayovulika upesi, usisahau kadi, na ukiambiwa shika goti, lishike barabara.